Neno la sokoni ni dhamana: funzo la Muyinga na Gitega kwa wafanyabiashara wa mpakani

Na Mwandishi Wetu, Muyinga na Gitega

UGOMVI ulianzia kwenye siku ya juma. Mfanyabiashara kijana wa mchele kutoka Ngara, mkoani Kagera, alikuwa amemwachia mama mmoja wa soko la Muyinga magunia 10. Mama alilipa nusu taslimu. Nusu iliyobaki walikubaliana kwa mdomo, bila karatasi, kama ilivyo desturi kwa watu waliozoeana. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mama huyo, ambaye Kiswahili chake alijifunzia hapo hapo sokoni, aliahidi kumaliza deni "siku ya tatu". Kijana akaitikia, akavuka kurudi Kabanga.

Jumatatu asubuhi alikuwa amesimama mbele ya meza ya mama akidai fedha zake. Mama akamwambia siku bado. Kijana akarudia kwamba siku ndiyo hiyo. Mama naye akarudia, kwa sauti ile ile ya chini, kwamba siku bado. Kijana akaona anachezewa, na mbele ya soko zima akapaza sauti: "Wewe mama ni mwizi!"

Kwa msomaji aliyekulia Tanzania au Kenya, kijana anaweza kuonekana ana haki. Jumatatu ni Jumatatu. Lakini kwa Kirundi siku za kazi huhesabiwa kuanzia Jumatatu yenyewe. Jumatatu ni "ku wa mbere", yaani siku ya kwanza. Jumanne ni ya pili, na "ku wa gatatu", siku ya tatu, ni Jumatano. Mama alikuwa ametafsiri Kirundi chake neno kwa neno, na kijana alikuwa amesikia Kiswahili chake mwenyewe. Hakuna aliyedanganya.

Hata hivyo neno lilikuwa limeshatoka. Waliokuwa karibu walilisikia kwa Kiswahili, wakawatafsiria waliokuwa mbali kidogo: umusuma, mwizi. Katika dakika chache habari ilikuwa imefika upande wa pili wa soko, na huko hakuna aliyezungumzia mchele wala Jumatano. Huko ilisemwa tu kwamba fulani ameitwa mwizi na Mtanzania. Mama huyo ni mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Wenzake wanaomdhamini walikuwa meza tatu kutoka pale.

Mwandishi wa makala haya alikuwepo siku hiyo, na alirudi tena Jumatano. Wahusika hawakupenda majina yao yaandikwe gazetini, na sababu yao inaeleweka.

Mzee alianza na neno, si na deni

Mtu wa kwanza kuingilia hakuwa polisi wala mkuu wa soko. Alikuwa mzee muuza mbegu ambaye watu wa pale humwita "mushingantahe", kwa sababu ndivyo alivyo: kilimani kwake alikwisha kusimikwa kuwa mmoja wa wazee wa hekima wanaosuluhisha migogoro. Aliomba vigoda viwili. Akamwambia kijana aketi, mama naye aketi, na waliosimama wanyamaze au waondoke.

Alimpa kijana nafasi ya kwanza kwa kuwa ndiye aliyekuja na dai, na hakumkatiza hata mara moja. Kijana alieleza nauli aliyotumia, siku aliyopoteza, na mchele mwingine uliokuwa ukimsubiri Kabanga. Kisha mzee akamgeukia mama. Alipomaliza kuwasikiliza wote wawili, akauliza swali moja kwa kila mmoja: Alhamisi ile, ni maneno gani hasa yaliyotamkwa, na kwa lugha gani?

Waliporudia maneno yao, kosa likaonekana wazi kwa kila mtu. Baadhi ya watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alimwambia kijana kwamba hasara yake ya nauli ni ya kweli na hakuna anayeidharau. Halafu akasema: "Deni litalipwa Jumatano, mwanangu. Neno lako lirudi leo."

Kijana alisita. Alikuja kudai, sasa anaambiwa aombe radhi. Mwishowe alisimama, akageuka upande ule ule alikokuwa ameelekea alipopaza sauti, akasema: "Mama, nilikuita mwizi. Si kweli. Tulipishana siku. Naomba unisamehe."

Mama alijibu neno moja tu: "Nimesikia."

Fimbo, kiapo na ulimi

Kutoka Muyinga kwenda Gitega barabara inapita Karusi, kati ya vilima vyenye migomba. Gitega ndiyo makao makuu ya kisiasa ya Burundi tangu 2019, huku Bujumbura ikibaki kuwa mji mkuu wa biashara. Ni mji ulioanzishwa na Wajerumani mwaka 1912, katika eneo lililokuwa kitovu cha ufalme. Mtu akitaka kuelewa kwa nini mzee wa Muyinga alianza na neno kabla ya deni, hapa ndipo mahali pa kuuliza.

Jibu lina jina: ubushingantahe. Neno hilo limetokana na "gushinga", kusimika au kuchomeka, na "intahe", fimbo ya haki. Wazee walioketi kusikiliza shauri walikuwa wakigonga ardhi kwa fimbo hiyo. Umushingantahe, basi, ni yule anayesimika fimbo, na kwa wingi ni abashingantahe. Kwa vizazi vingi wao ndio waliosuluhisha migogoro ya mashamba, mirathi, ndoa na madeni katika vilima vya Burundi.

Mtu hakuzaliwa na cheo hicho. Majirani na wazee walimtazama mtu kwa miaka kadhaa: anavyoongea akiwa na hasira, anavyokunywa pombe, anavyotunza siri ya jirani, anavyolipa deni. Aliyekubalika alisimikwa mbele ya watu wote kwa kiapo cha kulinda ukweli na haki, na pombe ya ndizi au ya mtama ikanyweka. Mke wake alikuwa sehemu ya shughuli hiyo, kwa sababu nyumba isiyo na utulivu haikuaminiwa kutuliza nyumba nyingine.

Katika sifa zilizotakiwa, pamoja na kupenda ukweli, kuwa na busara na kujiheshimu, ilikuwemo hii: kiasi katika maneno. Mtu mwenye maneno mengi, mwenye kuropoka, mwenye kupeleka ya huku kule, hakusimikwa hata angekuwa na ng'ombe wengi kiasi gani. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Mtu asiyeweza kuutawala ulimi wake atawezaje kuaminiwa na siri za kilima kizima?

Ndiyo maana hadi leo neno hilo limebaki kuwa namna ya kumheshimu mtu. Ukihudhuria mkutano wowote Burundi, msemaji ataanza kwa kusema "Bashingantahe, bapfasoni", na Mswahili atatafsiri kuwa "mabwana na mabibi". Lakini ndani ya Kirundi maneno hayo yanabeba zaidi ya hapo. Wanaume wanaitwa kwa jina la watu wa haki, na wanawake kwa jina la watu wenye staha. Kabla hujasema lolote, umewakumbusha wasikilizaji wako wanavyotarajiwa kuwa.

Taasisi hii haikupita katika historia bila majeraha. Watawala wa kikoloni na waliowafuata walijichagulia wazee wao, na pombe iliyotolewa kwa waamuzi kama shukrani, "agatutu", kwa baadhi yao iligeuka kuwa bei ya hukumu. Wanawake hawakusimikwa kwa nafasi yao wenyewe. Tangu 2005 kila kilima kina baraza la wajumbe watano waliochaguliwa kwa kura, na mjadala wa nafasi ya wazee waliosimikwa umeendelea tangu hapo. Hata hivyo Warundi walipokaa kutafuta namna ya kumaliza vita vilivyoanza 1993, Mkataba wa Amani wa Arusha, uliotiwa saini Agosti 28, 2000, ulitaja waziwazi haja ya kuirejeshea hadhi taasisi ya ubushingantahe. Waliokuwa wamezika ndugu zao walijua kilichopotea.

Walijua pia kile ambacho maneno yanaweza kufanya. Mwaka 1995, wakati uvumi ulikuwa ukiua watu katika vitongoji vya Bujumbura, ilianzishwa studio ya redio iliyowaweka waandishi wa Kihutu na Kitutsi katika chumba kimoja cha habari. Iliitwa Studio Ijambo. "Ijambo" kwa Kirundi ni neno. Mchezo wake wa redio uliopendwa sana, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri kuanzia 1997, uliitwa "Umubanyi niwe muryango", yaani jirani ndiye ndugu. Mfanyabiashara wa mpakani anaujua ukweli huo kwa namna yake. Gari likiharibika Kobero usiku, ndugu yako wa damu yuko mbali. Aliye karibu ni yule uliyemuuzia mchele wiki iliyopita, na atakayekumbuka kwanza ni jinsi ulivyozungumza naye.

Kuchagua maneno si kuogopa

Kuna msomaji atakayesema kwamba haya ni mafundisho ya kuwanyamazisha wanyonge. Hoja hiyo ina uzito, na Burundi yenyewe inaitolea ushahidi.

Mtafiti wa Kimarekani Ethel Albert aliishi Burundi kati ya 1955 na 1957 akichunguza jinsi watu wanavyozungumza, na mwaka 1964 alichapisha matokeo yake katika jarida la American Anthropologist. Aliona jamii iliyothamini sana ufasaha, ambamo vijana wa kiume wa koo za juu walifundishwa kuongea mbele za watu tangu utotoni. Aliona pia kwamba zamu ya kuongea ilifuata cheo: mkubwa kwanza, mdogo baadaye. Na mkulima wa kawaida aliyebishana na mkubwa alitarajiwa kujikanyaga kwa maneno, hata kama akili yake ilikuwa kali, ili asionekane kumzidi.

Hiyo si tabia njema. Hiyo ni hofu iliyovikwa nguo ya adabu. Na bado ipo mipakani, kwa wale waliokwisha kuona mama mwenye mzigo halali akimjibu ofisa kwa kigugumizi utadhani ameiba.

Tofauti ya mambo haya mawili inaonekana katika kiapo cha umushingantahe mwenyewe. Kiasi katika maneno kilikwenda sambamba na kupenda ukweli. Aliyenyamaza wakati jirani anadhulumiwa alikuwa amevunja kiapo sawa na aliyeropoka. Mzee wa Muyinga hakumwambia kijana anyamazie deni lake. Alimpa nafasi ya kulidai mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa. Alichomkataza ni kuongezea juu ya dai lake jambo asilolijua.

Hapo ndipo penye kazi. "Hujanilipa" ni habari. Inaweza kuthibitishwa au kukanushwa. "Wewe ni mwizi" ni hukumu, na kijana alikuwa ameitoa kabla ya kusikiliza upande wa pili. Mtu anayejizuia pale, katikati ya maneno hayo mawili, hajawa mnyonge. Amebaki na dai lake lote mkononi, na hajampa mwenzake kosa la kulipizia.

Hata sheria inajua tofauti hiyo. Tanzania, kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani kuwa kosa la jinai. Sheria ya adhabu ya Burundi nayo inaadhibu matusi na kumchafulia mtu jina. Mtu anaweza kuvuka mpaka akiwa mdai, akarudi akiwa mshtakiwa.

Wala si kupaka sukari

Kuna kosa la upande wa pili, na hili linatuhusu sana sisi tunaojivunia Kiswahili laini.

Tanzania rushwa huitwa "chai". Kenya huitwa "kitu kidogo". Kila mpita njia wa kanda hii anayajua maneno hayo na anajua yanavyotamkwa: kwa tabasamu, kwa upole, pengine na "naomba" mbele yake. Ni maneno yaliyochaguliwa kwa uangalifu mkubwa, na hayana tabia njema ndani yake. Yametengenezwa ili jambo baya lipite bila kuitwa jina lake.

Kadhalika ahadi zetu za biashara. "Tutaangalia." "Mzigo uko njiani." "Usijali, tuko pamoja." Maneno haya hayamkwazi mtu siku yanaposemwa. Yanamkwaza siku anapogundua hayakuwa na kitu ndani. Si ajabu kwamba Tanzania kwenyewe mtu mjanja huambiwa "acha uswahili", na kwamba Burundi wako wazee wa vilimani ambao kwa muda mrefu wamekitazama Kiswahili kama lugha ya wajanja wa mjini. Lugha yetu haikustahili sifa hiyo. Ni sisi wazungumzaji tulioipa, na sasa kwa kuwa ndiyo inayotuunganisha kutoka Kigoma hadi Kampala, ni sisi wa kuiondoa.

Katika soko la Gitega nilimkuta mama muuza vitenge ambaye ana desturi moja. Mkishapatana bei, idadi na siku, hamwachi mteja aondoke. Humwomba ayarudie yote kwa mdomo wake mwenyewe. Wateja wapya hukasirika kidogo, wakidhani hawaaminiwi. Yeye hueleza kwamba anajipima mwenyewe: kama mteja amesema tofauti, basi yeye ndiye hakueleza vizuri. Bibi yake ndiye aliyemfundisha kusikiliza namna hiyo. Nilikumbuka kwamba Ethel Albert aliandika kuhusu wasichana wa koo za juu waliofundishwa kusikiliza kwa makini hadi waweze kurudia karibu neno kwa neno yaliyosemwa na wageni. Nusu ya kuchagua maneno ni kujua yamefikaje upande wa pili.

Ya kuangalia kati ya Kobero na Kabanga

Kwa wasomaji wetu wanaovuka kati ya Muyinga na Ngara, yapo maneno ambayo yamewagombanisha watu wengi wasio na ugomvi. Haya ni machache.

Siku. Hesabu ya Kiswahili na ya Kirundi hupishana siku mbili. Jumamosi, ambayo kwetu ni ya "mosi", kwa Mrundi ni siku ya sita. Jumanne, ambayo kwetu ni ya "nne", kwake ni ya pili, na ya nne kwake ni Alhamisi. Jumatano kwetu ni ya "tano", lakini ya tano kwake ni Ijumaa. Mkipatana siku, tajeni na tarehe. Tarehe haina Kirundi wala Kiswahili.

Saa. Pande zote mbili huhesabu saa kuanzia alfajiri, kwa hiyo saa mbili asubuhi inaeleweka kwa wote. Lakini Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Saa mbili ya Kobero ni saa tatu ya Kabanga. Aliyesubiri saa nzima juani hana moyo wa kusikiliza maelezo. Semeni ni saa mbili ya upande upi.

"Ejo". Kwa Kirundi neno hili ni jana na pia ni kesho. Kitenzi ndicho kinachoonyesha maana. Anayejifunza Kirundi na kudaka neno moja moja anaweza kudhani ameambiwa fedha zimetumwa jana, kumbe zitatumwa kesho.

Kujenga. Mrundi anayesema Kiswahili kwa kutafsiri anaweza kukuambia kwa furaha kwamba mwaka huu amefanikiwa "kubaka" Gitega. Usiruke. Kwa Kirundi "kwubaka" ni kujenga. Anakuambia amejenga nyumba. Msahihishe taratibu, mkiwa wawili, si mbele ya watu.

Wingi wa heshima. Mrundi mwenye adabu humsemesha mtu mmoja kwa wingi, kama Mfaransa anavyofanya. Akikuuliza "Mumeamkaje?" na uko peke yako, hajakosea sarufi, amekuheshimu. Mtanzania naye ana heshima yake katika "shikamoo" na "naomba". Anayesema "nipe" kwa nia njema, kama ilivyo kawaida katika Kiswahili cha baadhi ya sehemu, asihukumiwe kwa kipimo cha Dar es Salaam.

Kwenye dirisha la forodha. Mzigo wa bidhaa zilizo kwenye orodha ya Jumuiya, zenye asili ya nchi wanachama na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili. Ili ukipate, sema kilichomo, idadi yake na thamani yake. "Ni vitu vidogo vidogo tu" ni jibu linalomlazimisha ofisa afungue mzigo, na wengine hulitumia kumlainisha. Jibu kamili humpa mtu mwaminifu ujasiri wa kusimama wima na kudai haki yake bila kupandisha sauti.

Na hasira ikija, nayo ina kanuni yake: taja jambo, usimtaje mtu. Taja deni, siku, idadi ya magunia, maneno mliyokubaliana. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona ndani ya wiki.

Jumatano

Jumatano ilipofika, kijana wa Ngara alirudi Muyinga. Safari hii hakuwa na haraka. Alisalimia kwanza, akauliza hali ya nyumbani, akasubiri.

Mama alikuwa na fedha zote. Hakumpa mkononi kimya kimya. Aliziweka mezani na kuzihesabu noti moja moja kwa sauti, kwa Kirundi, ili waliosikia neno la Jumatatu wasikie na hesabu ya Jumatano. Wenzake wa kikundi walikuwa meza tatu kutoka pale, na waliacha kazi zao wakasikiliza hadi noti ya mwisho. Mzee wa mbegu hakuja kutazama. Aliendelea kupima mbegu zake.

Kijana alishukuru, akazipokea, kisha akauliza kama anaweza kuleta magunia mengine 10 kwa utaratibu ule ule, nusu sasa na nusu baadaye.

Mama alimjibu kwa upole kwamba mchele wake ni mzuri na ataendelea kuununua. Ila kuanzia sasa atanunua kwa fedha taslimu, kwa kadiri alichonacho siku hiyo. Hataki tena kuwa na deni la mtu mkononi siku ambayo mtu huyo amekosea kuhesabu.

Siku hiyo alikuwa na fedha ya magunia matatu.